Pumu Haivai Suruali

Jumatatu, 16 Septemba

Nirmala, muuguzi wa zahanati yetu hapa Gerlach, kijiji cha ngano mbali na Melbourne, ameniagiza niandike kila siku jinsi ninavyopumua, tangu leo mpaka ngano ivunwe. Alinipa karatasi yenye visanduku vya kujaza tarakimu. Nilimrudishia. Nimefundisha sarufi maisha yangu yote ya kazi, na sijawahi kukubali jibu lisilo sentensi kamili. Sitaanza sasa kwa ajili ya mapafu. Nimenunua daftari.

Leo nimepumua vizuri.

Jumanne, 17 Septemba

Leo pia.

Alhamisi, 19 Septemba

Upepo wa kaskazini tangu asubuhi. Nilikohoa nikianika shuka. Nyasi za malisho kando ya reli zimefika kiunoni na bado hazijatoa chavua. Zitatoa.

Jumapili, 22 Septemba

Chakula cha mchana kwa mdogo wangu Clem, mguu wa kondoo kama kila Jumapili. Kwa kuwa daftari hili litasomwa na Nirmala, ambaye yuko hapa mwaka wa pili tu, yafaa nimweleze Clem.

Utotoni Clem ndiye aliyekuwa mgonjwa wa nyumba. Mama alimlaza barazani kwenye kitanda cha chuma apate hewa, akampikia mchuzi wa kuku peke yake, na sisi wengine tulitembea kwa ncha za vidole. Sauti yake ilipokuwa nzito, pumu ikaondoka kama mgeni aliyechoka kukaa. Tangu hapo Clem ni bingwa wa pumu katika wilaya. Mtu yeyote akikohoa, yeye hutoa hukumu.

Mimi nilibanwa kifua mara ya kwanza mwaka ule hedhi yangu ilipokoma. Clem alicheka mpaka akashika meza. "Dada Adela, hiyo ni pumu ya wavulana. Umechelewa miaka arobaini, na tena umekosea mlango!" Ameirudia kauli hiyo kila Jumapili tangu wakati huo, na watu bado wanacheka.

Leo alianza hata kabla ya sala.

"Dada, umekuja na ile pampu yako?"

"Iko mfukoni."

"Itoe basi. Tuibariki pamoja na viazi."

"Bariki viazi, Clem. Pampu yangu ina kazi tayari."

Baada ya chakula nilimsaidia Tegan kuosha vyombo. Tegan ni binti wa Clem, mja mzito wa miezi sita. Mumewe, Rhys, yuko migodini magharibi na hurudi kwa wiki moja kila mwezi, kwa hiyo Tegan amehamia kwa baba yake mpaka ajifungue. Alikuwa akisimama kidogo kila baada ya sahani mbili, mkono kwenye ukingo wa sinki. Naujua usimamaji huo. Mtu hujifanya anatazama dirishani.

"Pampu yako ya kukinga iko wapi?" nikamwuliza.

"Nimeiacha, Shangazi."

"Nani kakuambia uiache?"

"Baba. Na Mama Gwenda wa klabu ya tenisi. Wanasema ile dawa itamdhuru mtoto."

"Na wewe unasemaje?"

Akatazama dirishani tena. "Nasema nimechoka kuitwa mtu wa kelele."

Jumatano, 25 Septemba

Nilimpeleka Tegan zahanati. Yaani nilikwenda mlangoni kwake na kusimama mpaka alipoingia garini.

Nirmala alizungumza naye taratibu, nami nikiwa kimya, jambo ambalo Nirmala mwenyewe anaweza kulithibitisha. Alisema hivi: utotoni wavulana ndio wengi wenye pumu, baada ya kuvunja ungo mizani hugeuka, wanawake wakawa wengi, na ndio wanaolazwa zaidi. Wengine hubanwa siku za karibu na hedhi. Mimba huweza kuipunguza, huweza kuiacha ilivyo, huweza kuizidisha, na hakuna ajuaye mapema itakuwaje. Kukoma kwa hedhi huweza kuileta kwa mtu ambaye hakuwahi kuwa nayo. Kisha akamwambia Tegan: "Dawa hii ya kukinga haimnyimi mtoto kitu. Kinachomnyima mtoto ni mama kukosa hewa."

Tegan akaanza kulia. "Kila mwezi," alisema. "Kila mwezi kabla ya siku zangu nilikuwa nabanwa. Nikamwambia Baba, akasema nina hasira za kike."

Nilimwuliza Nirmala kwa nini madaktari watatu, katika miaka ishirini, hawakuniambia hayo.

"Walikuambia nini, Mwalimu?"

"Nipumzike."

Nimepumua vibaya jioni hii, lakini nadhani ni kwa hasira, na hasira haina kisanduku katika ile karatasi.

Jumamosi, 28 Septemba

Clem ameikuta pampu mpya ya Tegan bafuni, akaitupa. Alinipigia simu mwenyewe kunijulisha.

"Acha kumtia mwanangu woga wako, Dada."

"Sijamtia woga. Nimemtia garini."

"Mjukuu wangu hatavuta sumu."

"Ulivuta moshi wa majani ya dawa kwenye beseni la Mama, chini ya taulo, mpaka ukawa mwekundu kama kamba wa mtoni aliyechemshwa. Umekufa?"

Akakata simu.

Jumatatu, 30 Septemba

Nimepumua vizuri. Hatusemezani.

Jumamosi, 12 Oktoba

Naandika haya nikiwa kitandani, na mwandiko ni mbaya. Nauomba radhi mwandiko, simwombi radhi mtu.

Jana walikata nyasi shamba la jirani. Saa nne asubuhi nilikuwa kwenye kinanda kanisani nikijizoeza nyimbo za mavuno. Kifua kilifunga katikati ya ubeti. Pampu ya bluu, ile ya kufungua kifua, ilinipa nafuu kidogo, kisha haikunipa kitu. Clem ndiye aliyenikuta, kwa kuwa alikuja kukata nyasi za makaburini. Namtendea haki: alinibeba. Aliendesha mpaka hospitali ya mji mkubwa, mwendo wa saa nzima, bila kusema neno, na lori lake halijawahi kukimbia vile.

Daktari alikuwa kijana mwenye viatu vizuri. Kufikia hapo kuvuta pampu njia nzima kulikuwa kumenirudishia maneno mawili matatu kwa kila pumzi.

"Unaishi peke yako, Bibi?"

"Naishi na kamusi."

"Umepata msiba hivi karibuni?"

"Nakosa hewa. Huo ndio msiba."

Akaniwekea mashine yake ya kusikilizia mgongoni. "Kifua hakipigi mluzi," akasema, akimtazama Clem badala ya kunitazama mimi. "Mara nyingi kwa akina mama wa umri huu ni wasiwasi tu."

Nilimwuliza kifua kisichopitisha hewa kitapigaje mluzi. Aliniandikia kidonge cha kutuliza.

Njiani kurudi nyumbani Clem alipata sauti yake tena. "Unaona? Daktari kasema. Ni mambo ya akina mama."

Nilikuwa sina pumzi ya kumjibu, kwa hiyo naandika jibu hapa: pumu haivai suruali, na wala haivai sketi. Ila watu ndio huitazama nguo kwanza.

Jumatatu, 14 Oktoba

Nirmala amenipulizisha kwenye kipimo chake, akakitazama, akakigonga, akanipulizisha tena. Kisha akasema neno la kwao ambalo hakulitafsiri. Nimepewa vidonge vya steroidi na dawa ya kukinga yenye nguvu zaidi. Amesema: "Huu si wasiwasi, Mwalimu. Hii ni pumu kali. Mtu akikuambia tena ni wasiwasi, mwambie anipigie simu." Kile kidonge cha kutuliza nimempa kuku. Hakikumtuliza.

Ijumaa, 18 Oktoba

Nimepumua vizuri. Nimempelekea Tegan pampu mbili, ya kukinga na ya bluu, ndani ya mkebe wa biskuti. Clem hapendi biskuti za tangawizi.

Jumamosi, 2 Novemba

Msimu wa tenisi umefunguliwa. Nirmala hachezi na hajui mambo ya klabu yetu, kwa hiyo namwandikia.

Siku za joto kali upepo hutoka kaskazini, jangwani, na watu hukaa ndani ya jumba la klabu chini ya mabati, mapazia yamefungwa, wakingojea upepo wa kusini. Upepo huo tunauita Badiliko. Unapofika, joto huanguka kama ndoo kisimani. Na hapo kuna desturi yetu: mkubwa kuliko wote aliyemo ndani hufungua milango miwili ya mbele, na watu wote hutoka uwanjani pamoja, nyuso juu, mikono wazi, wanywe hewa ya kwanza. Watoto huinuliwa mabegani. Babu yangu alifungua milango hiyo. Mzee Pohl aliifungua miaka mingi, mpaka tulipomzika kipupwe kilichopita.

Leo Gwenda Pohl, mjane wake, ambaye ndiye mkuu wa chai na wa kila kitu, alinikabidhi ufunguo mbele ya watu. "Sasa ni wewe, Adela. Wewe ndiye mzee wetu."

Walipiga makofi. Nimeuvaa shingoni kwa utepe. Nilifurahi, sioni sababu ya kuificha furaha hiyo katika daftari la muuguzi.

Jumanne, 5 Novemba

Siku ya mbio kuu za farasi. Nchi nzima imesimama kuwatazama farasi wakihema, na hakuna aliyewaambia kwamba ni wasiwasi.

Jumatano, 13 Novemba

Chavua imeanza. Boneti ya gari imekuwa ya manjano. Nimebanwa kidogo asubuhi, nikavuta dawa, nikapata nafuu.

Nirmala alinieleza jambo lililonikosesha raha siku nzima. Dhoruba ya radi inapokuja juu ya nyasi zenye chavua, chavua huinuliwa juu, huloa, hupasuka vipande vidogo mno, kisha upepo wa mbele ya dhoruba huirudisha chini kwa kishindo. Chavua nzima huishia puani. Vipande hufika chini kabisa ya mapafu. Ndivyo watu walivyokufa Melbourne mwaka 2016, na wengi walioanguka walikuwa hawana pumu, au walisema waliiacha utotoni. Walikuwa na mafua ya majira ya maua tu.

"Upepo wa mbele ya dhoruba," nikasema. "Wa baridi?"

"Wa baridi."

"Ule wa kwanza kabisa?"

"Huo huo, Mwalimu. Ndio mbaya kuliko wote."

Nikaushika ufunguo shingoni.

Jumamosi, 16 Novemba

Mvua ya manyunyu, hakuna mchezo. Niliwaambia klabuni. Nilisimama na kuongea kwa sauti ya darasani. Nilisema siku ya radi milango isifunguliwe mpaka mvua ioshe hewa.

Clem alikuwa wa kwanza. "Melbourne! Hayo ni ya watu wa mjini, Dada. Mapafu yao ni ya karatasi. Sisi tumekula vumbi tangu tukinyonya."

"Wewe unapiga chafya tangu Septemba," nikamwambia.

"Chafya si ugonjwa. Chafya ni salamu."

Wakacheka wote. Gwenda alinishika mkono kwa upole, jambo ambalo ni baya zaidi kuliko kicheko. "Adela mpenzi, tangu uende hospitali umekuwa na woga. Kama ufunguo ni mzigo, nirudishie."

Nilisema si mzigo. Tegan alikuwa amekaa karibu na dirisha, tumbo limefika mapajani. Hakucheka, lakini pia hakuniunga mkono. Macho yalikuwa kwa baba yake.

Alhamisi, 21 Novemba

Joto. Nimepumua wastani. Jumamosi itakuwa mbaya.

Jumapili, 24 Novemba

Haya ni ya jana. Nitayaandika kwa utaratibu.

Asubuhi redio ilitangaza hatari nyekundu ya dhoruba ya pumu kwa wilaya yetu. Saa sita upepo wa kaskazini ulikuwa unachoma macho na mchezo ukasimamishwa. Tulikuwa wengi ndani ya jumba: wachezaji wa pande mbili, watoto, akina mama wa chai. Sandwichi zilijikunja kingo. Clem alikuwa ametoka kufunga marobota ya nyasi, mbegu zimejaa nywele za mikono, akipiga chafya na kujisifu kwa kila moja. Tegan alikaa pembeni na kikapu chake cha kufumia.

Saa tisa na kitu upande wa kusini ukawa na rangi ya chuma. Radi ya kwanza. Mabati yaliguna, maana nyumba hujua kabla yetu. Watu wakaanza kusimama, kusogeza viti, kuchukua watoto.

"Haya, Mwalimu!" mtu akaita. "Badiliko!"

Nilisimama. Nilikwenda mlangoni. Ufunguo nilikuwa nao mkononi, na mlango ulikuwa haujafungwa kwa ufunguo, umerudishwa tu. Nikaufunga. Nikaurudisha ufunguo ndani ya nguo, nikageuka, nikauegemea mlango kwa mgongo.

Feni iliendelea kuzunguka juu yetu.

"Dada," Clem akasema, "usitutie aibu mbele ya wageni."

"Nimepewa mlango huu mbele ya watu," nikasema, "na nimeufunga mbele ya watu. Mvua ikinyesha robo saa nitaufungua mwenyewe. Kabla ya hapo, hapana."

"Tutakufa kwa joto!"

"Hakuna mtu katika jumba hili aliyewahi kufa kwa robo saa ya joto. Kaeni."

Wengine walikaa, Nirmala. Nataka ujue hilo. Nusu nzima ya wanafunzi wangu wa zamani walikaa, na baadhi yao wana wajukuu. Wengine walipiga kelele. Gwenda alikuwa mwekundu. "Huu si mlango wako, Adela! Ni desturi ya mume wangu!"

"Mume wako ningemwambia hivi hivi."

Clem akacheka, kile kicheko cha meza ya Jumapili. "Mwacheni alinde mlango wake. Kuna mlango wa jikoni." Akamnyoshea binti yake mkono. "Twende, Tegan. Mtoto anataka hewa."

Hapo ndipo nilipojua nililokuwa naliogopa msimu wote. Wengine wangeweza kutoka na ningehuzunika. Huyu nisingevumilia. Lakini sikuweza kuondoka mlangoni, na nilikwisha sema yote niliyokuwa nayo. Nikamtazama tu.

Tegan alisimama. Alishika mgongo wake, akapumua. "Sitoki, Baba."

"Nini?"

"Sitoki. Mimi nina pumu. Nilikuwa nayo nikiwa na miaka kumi na mitatu na ninayo leo. Haikuwa hasira."

Clem alimtazama kama mtu aliyesemeshwa na kiti. Kisha akatoka kwa mlango wa jikoni, na wanaume kadhaa nyuma yake, na wavulana wa timu ya wageni, na Gwenda, kichwa juu.

Kupitia kioo niliwaona. Upepo uliwafikia wakiwa katikati ya uwanja. Wavu uliinuka, kofia zikaruka, na wote wakainua nyuso, mikono wazi. Walikuwa wazuri. Nimesimama pale mara nyingi na nilijua walichokuwa wanakihisi. Clem alitugeukia, akapiga kifua chake kwa ngumi zote mbili tumsikie.

Matone machache yalianguka. Gwenda alianza kukohoa kwanza. Kisha mvulana mmoja mgeni. Clem aliwacheka. Kisha akasimama na mkono mmoja kwenye nguzo ya wavu, akijifanya anatazama mawingu.

Naujua usimamaji huo.

"Tegan, ingia chumba cha raketi," nikasema. "Funga. Weka taulo chini ya mlango. Vuta dawa yako kabla ya yote."

"Shangazi, Baba..."

"Baba yako niachie mimi. Ingia."

Nilisubiri mpaka nikasikia mlango wake ukifunga. Ndipo nikafungua ule wangu. Niliwaambia vijana walionitii wafunge vitambaa vyenye maji puani na wawalete watu ndani haraka. Waliwaleta. Gwenda alitembea. Clem alibebwa. Midomo yake ilikuwa na rangi ya wino.

Pampu yangu ya bluu nilimpa Gwenda na yule mvulana kwa zamu, kwa ile chupa ya plastiki ya kuvutia dawa, kama ulivyonifundisha: puliza, vuta, vuta, subiri. Kifua changu nacho kilikuwa kimeanza kufunga kwa sababu ya mlango nilioufungua. Pampu ikawa nyepesi, kisha ikatoa upepo mtupu. Clem alikuwa sakafuni, ameegemea meza ya chai. Alinitazama. Hakuwa na hewa ya neno hata moja.

Mlango wa chumba cha raketi ukafunguka.

"Nilikuambia ukae!"

"Nimesikia," Tegan akasema. Alikuwa amefunga kitambaa puani. Alipiga magoti kwa shida, akafungua kikapu cha kufumia, na chini ya soksi za mtoto akatoa mkebe wa biskuti za tangawizi. Pampu zote mbili zilikuwamo, akashika ile ya bluu. "Fungua mdomo, Baba. Ndiyo, ni ndugu ya ile uliyoitupa. Vuta."

Alivuta. Tegan alihesabu kwa sauti mpaka gari la wagonjwa lilipofika, na sauti yake haikutetemeka. Kila nilipomtazama, aliniambia, "Na wewe vuta, Shangazi," nami nikavuta, maana nimezoea kutoa amri na nilikuwa sijui kuwa ni vizuri vile kupewa moja.

Kuna methali ambayo ningeweza kuiandika hapa. Siiandiki. Kila mtu katika jumba lile anaijua, na mimi ndiye niliyewafundisha.

Jumanne, 26 Novemba

Clem yuko hai. Tegan hakudhurika, wala mtoto.

Nilikwenda kumwona. Daktari ni yule yule wa viatu vizuri. Clem alipofika alikuwa hapigi mluzi, kifua kimya kabisa, na kijana yule alikimbia. Oksijeni, sindano, picha, chumba cha wagonjwa mahututi, vyote kabla jina lake halijaandikwa. Hakuna aliyemwuliza kama anaishi peke yake.

Nilimsubiri ukumbini. "Mwezi uliopita," nikamwambia, "kifua hiki kilikuwa kimya vile vile. Ulinipa kidonge cha kutuliza."

Alinikumbuka. Alianza kusema kwamba dalili kwa wanawake huweza kuwa...

"Maliza sentensi," nikasema.

Akavitazama viatu vyake vizuri. Nilimwachia namba ya simu ya Nirmala na kumwambia ampigie kabla ya kumwona mwanamke mwingine wa umri wangu. Kama hajapiga, Nirmala, niambie. Nina muda.

Alhamisi, 28 Novemba

Clem ameanza kuongea. Neno lake la kwanza kwangu: "Usianze."

"Sijaanza."

Baada ya kitambo akasema, "Nilidhani niliimaliza. Niliiacha pale barazani."

"Ilikuwa imelala tu. Na kitanda walikuwekea wewe, kwa hiyo ulipoamka ukadhani hakuna mwingine aliye mgonjwa."

Akatazama dari. "Tegan alikuwa anabanwa kila mwezi?"

"Kila mwezi."

"Kwa nini hakuniambia?"

Nilimwacha alitafute jibu mwenyewe. Alilipata, maana alifunika macho kwa mkono.

Jumatatu, 2 Desemba

Nimepumua vizuri. Mashine za kuvuna zimeingia mashambani.

Jumamosi, 7 Desemba

Joto tena, radi tena. Klabu ilijaa. Gwenda alikuwa ameniambia Jumatano kwamba bado hajanisamehe kuhusu mume wake, na leo akaniwekea kiti. Kiti hicho alikiweka mbele ya mlango.

Mabati yalipoanza kuguna, kijana mmoja wa timu ya wageni alisimama. "Vipi, mbona hamfungui? Nyie wazee mnaogopa upepo?"

Clem, ambaye alikuwa ametoka hospitali juzi, pampu kwenye mfuko wa shati mahali ambapo kila mtu aliiona, alisema bila kugeuka: "Keti, kijana. Anayefungua ni dada yangu, na hajasema."

Nilikaa kitini. Badiliko lilipiga mlango nyuma yangu kwa muda mrefu. Ikanyesha, ikanyesha vizuri, mpaka mifereji ikafurika na hewa ikawa safi. Sikufungua mara moja. Nilimaliza chai yangu. Kisha nikasimama na kuifungua milango yote miwili, na watu wakatoka, nyuso juu.

Jumapili, 15 Desemba

Tegan amejifungua leo alfajiri, mtoto wa kike. Rhys aliwahi ndege. Jina ni Odette Adela. La pili sikuliomba.

Clem alimbeba kando ya dirisha. Mtoto alikuwa akilia kwa nguvu zake zote, na chumba kizima kilikuwa kinatikisika.

"Sikia mapafu hayo!" akasema. "Na ni msichana, ashukuriwe Mungu. Kwenye ukoo wetu pumu huwapata wavulana."

Mimi na Tegan tulimtazama.

Alifunga mdomo. Alimrudisha mtoto kwa mama yake, akatafuta pampu mfukoni, akaivuta taratibu kama alivyofundishwa.

"Subiri avunje ungo," nikamwambia. "Na siku atakaposema hawezi kupumua, Clem, utasemaje?"

"Nitasema," akajibu, "aniambie zaidi."

Sentensi ilikuwa kamili. Nimeikubali.

Ngano imevunwa. Nirmala, hili hapa daftari lako. Nimekwisha nunua jingine.